Askari wa Sanamu na Askari wa Getini

Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu. Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale. Kisha hufika zamu ya mzee wa Tanzania Legion, chama cha askari wastaafu, naye huweka shoka. Tarumbeta hulia, viongozi wa dini huomba dua, televisheni huonyesha nchi nzima. Wanaomtazama mzee yule akisogea polepole na shoka lake humwona shujaa. Sisi tuliowapokea watu wa aina yake stendi, tukakaa nao sebuleni miaka na miaka, jicho letu huenda kwingine: namna anavyogeuza uso kidogo upande wa kushoto mtu anapomsemesha, ili sikio la kulia litangulie.

Kiswahili kina neno moja kwa watu wawili. Askari ni yule wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927, bunduki yake yenye singe imeelekezwa bandarini. Askari pia ni yule wa getini, mwenye koti zito na tochi, tunayemsalimia tukiwa tumeshampita. Mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, ni mtu yuleyule katika umri tofauti. Katikati yake kuna miaka ambayo haina sherehe. Habari zetu ni za miaka hiyo.

Hatubishi kwamba wapo waliofanya mambo makubwa. Tunachokataa ni desturi ya kumvisha kila aliyevaa kombati jina la shujaa, halafu tukahesabu kwamba tumemlipa. Jina hilo humfunga mtu mdomo. Aliyeitwa shujaa mbele ya wanawe na wakwe zake atasemaje kwamba anaogopa kulala? Ataanzia wapi kumwambia mke wake kuwa fedha zimekwisha, au kumwambia daktari kwamba juzi alilia chooni na hajui kwa nini? Anaendelea kulivaa jina hilo kama alivyokuwa akivaa bereti, limekaa sawasawa, na chini yake hakuna anayejua kinachoendelea.

Tatizo hili si la jana. Mnara wa Dar es Salaam ulijengwa kuwakumbuka waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimamishwa juu ni mwenye bunduki peke yake. Mnara wa Nairobi angalau una watu watatu, mmoja wao mpagazi. Na wapagazi ndio waliokwisha kwa maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa, huku wamebeba vyakula ambavyo hawakuvila. Kumbukumbu yao kubwa haikujengwa na serikali yoyote. Ni jina la soko. Kariakoo ni Carrier Corps kwa matamshi yetu, mahali palipokuwa na kambi yao. Watu wananunua vitenge pale kila siku bila kujua kwamba wametaja jina la kikosi.

Vita vya pili vilipokwisha, askari wa Keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles, walirudi kutoka Burma. Walikuwa wamevuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944, wamelala kwenye matope ya bonde la Kabaw katika msimu wa mvua, wamewaona Wazungu wakiogopa na kufa kama watu wengine. Huko Kenya, askari wa Kizungu waliokuwa vita hiyohiyo waliwekewa mpango wa kupata mashamba. Mwafrika alirudi na sare, medali na akiba ndogo. Anayeshangaa kwa nini Waruhiu Itote, koplo wa Burma, baadaye alikuwa Jenerali China wa Mau Mau msituni, aanzie hapo.

Kisha Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua raia, yakabaka, yakaswaga ng'ombe na kupora kila kilichobebeka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Jeshi likajazwa mgambo na vijana kutoka kila kona ya nchi. Sehemu kubwa ya safari ile ilikwenda kwa miguu, kutoka mto Kagera hadi Kampala iliyoanguka Aprili 1979, na mbele zaidi mpaka karibu na Sudan mwezi Juni. Hayo tunayaimba. Tusiyoyaimba ni kwamba Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, ilipotekwa Januari 1979 majengo yalisawazishwa na raia wakauawa kwa kisasi, na kwamba Mwalimu habari zilipomfikia aliamuru raia wasiguswe tena. Wapo waliorudi wakiwa wamebeba mambo yote mawili, ukombozi na Mutukula. Nyimbo za mapokezi zilikuwa na nafasi ya jambo moja tu, na lile la pili likaenda kukaa mahali ambapo huwa linakaa: usingizini.

Tukumbuke pia jeshi lenyewe linaitwaje. Baada ya maasi ya Tanganyika Rifles ya Januari 1964, jeshi lile la kurithi lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Mwananchi aliyepewa kazi ngumu kwa muda, kisha arudi kwa wenzake. Jina hilo lina heshima ya kutosha, na lina mlango wa kurudia. Shujaa hana pa kurudi.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Wiki tatu za kwanza baada ya mtu kurudi uraiani ni za uongo. Wageni wanakuja, pilau inapikwa, watoto wanamng'ang'ania, yeye mwenyewe anacheka. Familia inajiambia kwamba mambo ni shwari. Kwa tuliowaona, matata huanza kati ya mwezi wa pili na wa nne, wageni wakishaisha na asubuhi ikawa haina la kufanya. Miaka ishirini au zaidi mtu huyu ameamshwa kwa filimbi, ameambiwa avae nini, ale saa ngapi, ahamie wapi. Hajawahi kupanga Jumanne yake mwenyewe. Ukimwona anafagia uwanja saa kumi na moja alfajiri, kisha anafagia tena saa nne, usimcheke na usimwambie apumzike. Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho inayoonekana: uzio, banda la kuku, mfereji wa maji ya mvua, choo kinachovuja. Kazi moja kwa wiki, yenye vifaa vyake na siku ya kumalizika. Kazi ya "kusimamia nyumba" si kazi, ni ugomvi unaosubiri siku.

Maana nyumba tayari ina serikali yake. Mke aliyeachwa kila kikosi kilipohama, kila zamu ya kulinda amani Darfur, Lebanon au Kongo, ndiye anayejua fundi bomba yupi mwizi, duka lipi linakopesha, mtoto yupi anadanganya. Mume anarudi na sauti ya kambini, anataka taarifa, anataka watoto wasimame anapoingia. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Ndiyo lugha anayoijua ya kuonyesha kwamba anajali. Kinachosaidia ni kugawana mamlaka kwa maneno ya wazi katika mwezi wa kwanza, wawili wakiwa peke yao na si mbele ya watoto: ada na shule zibaki kwa mama kwa mwaka mmoja, matengenezo yote yawe ya baba, matumizi yanayozidi kiasi fulani wakubaliane wote wawili. Kiandikwe kwenye daftari. Watu hawa wanaheshimu kilichoandikwa.

Usingizi unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo ndoa nyingi huvunjikia.

Lindo hupangwa kwa zamu fupi, mara nyingi saa mbili za kusimama na saa nne za kupumzika. Mwili ukishazoea, unaamka wenyewe hata pasipo wa kuamsha. Ndiyo maana anaamka saa nane usiku, anazunguka kugusa milango, anarudi, anaamka tena saa kumi. Ukimkataza kabisa atalala macho wazi. Punguza kidogokidogo: mzunguko mmoja tu, kabla ya kulala, kwa mpangilio uleule, mlango wa mbele, wa nyuma, madirisha, geti. Akishamaliza aseme kwa sauti, "Nimefunga." Akiamka usiku, mwenzake amkumbushe kwamba amefunga. Kama anataka upande wa kitanda unaoutazama mlango, apewe. Hilo halina gharama. Aamke saa ileile kila siku hata kama amelala vibaya. Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana.

Pombe ndiyo dawa wanayojipa wenyewe, na tunaelewa kwa nini: inamwangusha mtu haraka. Tabu ni kwamba nusu ya kwanza ya usiku inazimisha ndoto, halafu nusu ya pili inazirudisha zote kwa mkupuo na kuukata usingizi. Saa tisa yupo macho, moyo unadunda, shati limelowa. Kesho anaongeza kipimo.

Namna ya kumwamsha mtu aliye katikati ya jinamizi kila mtu katika nyumba yake lazima aijue, pamoja na watoto. Usimguse. Usimwinamie usoni. Usimtikise bega. Rudi nyuma hadi mlangoni au miguuni pa kitanda, washa taa kama iko karibu, mwite jina lake alilopewa na mama yake, si cheo, kwa sauti ya kawaida. Rudia. Mwambie yuko wapi: "Uko nyumbani, uko Morogoro, ni usiku, mimi ni fulani." Subiri mpaka ajibu ndipo usogee. Tumeona mke aliyevunjwa kidole kwa sababu alimgusa mumewe shingoni kwa upendo, na mume aliyelia kuliko yeye. Mikono ilikuwa imefanya kazi kabla ya akili kuamka.

Ndoto inayorudi ileile ina dawa inayofanyika mchana, bila kidonge. Mtu anaandika ndoto hiyo kwa ufupi, kisha anaibadilisha mwisho kwa namna yoyote anayotaka, hata ya ajabu: gari linageuka, mvua inanyesha, mwenzake anainuka. Anausoma mwisho huo mpya dakika kumi hadi ishirini kila siku, akiuona kichwani. Hufanya kazi kwa wengi ndani ya wiki chache. Kuanza ni vizuri kuwe na mshauri, hasa kama ndoto yenyewe inamhusu mtoto au raia aliyekufa. Na dalili hizi, yaani kushtuka, kukwepa watu, kuona mambo yaleyale, hasira zisizo na chanzo, zikizidi mwezi mmoja, si hulka tena. Ni ugonjwa unaotibika. Kwetu kuna kikwazo cha jina: mtu akisikia afya ya akili anasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na Mirembe mtaani ni tusi. Mwelezeni kwamba hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya magonjwa haya, anaingia asubuhi na kutoka na kadi kama mgonjwa wa presha.

Masikio sasa, ambayo karibu kila mtu huyasahau. Mlio wa bunduki ya vita karibu na sikio hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu. Anayelenga kwa bega la kulia huliweka sikio la kushoto wazi kuelekea mdomo wa bunduki, wakati la kulia limekingwa na kichwa chenyewe. Ndiyo maana la kushoto hufa kwanza. Halafu hufa kwa mtindo wake: sauti nzito zinabaki, zile nyembamba zinaondoka, hasa karibu na hezi 4,000. Anasikia lori likipita barabarani lakini hamsikii mjukuu. Anasikia kwamba mkewe anasema, lakini herufi kama s, sh, ch, f na t zimeyeyuka, hivyo "soma" na "choma" ni neno moja, "fika" na "shika" ni neno moja. Anajibu lisilohusika, watu wanacheka, naye anaacha kujibu. Nyumba inasema amekuwa na dharau. Juu ya hayo kuna mlio wa ndani, kama chenene, usiozimika hata usiku wa manane, nao unachangia kumnyima usingizi.

Mpelekeni kupimwa usikivu kwa mashine, kila sikio peke yake, na muombe nakala ya mchoro. Nyumbani: zima redio kwanza, kaa mbele yake au upande wake wa kulia, sema sentensi fupi kwa sauti nzito ya kawaida. Kupiga kelele hakusaidii, kunakuza zaidi irabu ambazo anazisikia tayari, na anaona unamgombeza. Tumeshuhudia ndoa zilizotulia kwa kuhamisha kiti cha sebuleni kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Fedha. Kiinua mgongo huingia kwa mara moja, kwa mtu ambaye maisha yake yote ya kazi chakula, nguo na tiba vilikuja kwa saini ya stoo. Amezoea kwamba akiagiza kwa utaratibu kitu kinaletwa. Bei si habari yake. Amezoea pia kwamba neno ni neno. Kisha anakutana na fundi anayesema "kesho, mzee wangu" kwa siku kumi na nane mfululizo, na muuza tofali anayempa bei ya afande, ambayo ni bei ya raia ukiongeza robo. Anakasirika, anafoka, na mjini anayefoka ndiye anayelipa zaidi.

Tunashauri siku 90 za kwanza zisinunuliwe kitu chochote kikubwa. Fedha iwekwe akaunti ya muda maalumu isiyo na kadi. Ndani ya siku hizo lipa madeni yote, maana riba inakula kuliko biashara yoyote itakavyozalisha, na tenga chakula na ada za miezi 6. Ndugu watakuja, na wengine wana shida ya kweli. Panga kiasi kimoja cha kuwasaidia wote, tuseme sehemu moja ya kumi, kikiisha kimeisha. Ni rahisi kusema "fungu limekwisha" kuliko kusema "sina" wakati wote wanajua unazo.

Biashara inayowaua wengi ni gari la abiria. Karatasini linapendeza: hesabu ya siku mara 30. Lakini mwezi wa gari hauna siku 30. Toa siku za gereji, za dereva kuugua au kudai anaugua, za ukaguzi, za kukamatwa, za mvua. Zikibaki 22 shukuru Mungu. Kutoka kwenye hizo toa bima, tairi, oili, faini. Asiyejua kufungua injini mwenyewe hajui kama gia boksi imekufa kweli au imeuzwa. Hao waliokuwa madereva na mafundi jeshini wakinunua gari, mara nyingi wanafanikiwa. Waliokuwa mizinga au karani wananunua kwa sababu jirani amenunua. Ufugaji nao una kaburi lake: vifaranga 1,000 kwa mpigo, kwa mtu ambaye hajawahi kulea 50. Anza na 50, zife au zipone, ndipo uongeze.

Karatasi zishughulikiwe kabla ya kuvua sare, si baada. Jina la kwenye faili la jeshi, kitambulisho cha taifa, benki na cheti cha ndoa yafanane herufi kwa herufi. Juma Hamisi wa faili akiwa Juma Khamis wa kitambulisho, malipo yanaweza kusimama mpaka kiapo cha wakili na safari kadhaa za makao makuu zikamilike. Nakala ya faili la matibabu ni muhimu vilevile: kila jeraha liwe limeandikwa tarehe na mahali, pamoja na magoti, mgongo na masikio. Mtu aliyeruka kutoka kwenye lori na mzigo wa kilo 30 mgongoni kwa miaka hugundua maumivu akiwa na miaka 50, na wakati huo hakuna anayekumbuka. Wengi hawakuripoti walipoumia kwa sababu kuripoti kulionekana ulegevu. Hilo ni jina la shujaa likifanya kazi yake tena, safari hii linamla mafao.

Na ujuzi nao una karatasi zake. Jeshi limejaa wapishi wa watu 300, wauguzi walioshona vidonda gizani, mafundi wa jenereta na redio, madereva wa malori mazito. Uraiani hakuna anayeuona ujuzi huo kama hauna cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza ufundi kazini bila kupita darasani. Mstaafu aende kabla hajasahau, akiwa na barua inayoeleza kazi aliyofanya kwa maneno ya kiraia. "Sajenti wa usafirishaji" hakumwambii mwajiri lolote. "Nimesimamia magari 24 na madereva 30, matengenezo na mafuta, kwa miaka 6" kunamwambia.

Asipopata hayo anaishia getini. Hatudharau ulinzi, ni kazi halali na imelea watoto wengi. Lakini tazameni tunachomfanyia: mtu ambaye usiku ndio uliomuumiza tunampa usiku uleule, saa 12 mfululizo, peke yake, na silaha. Usingizi wake wa mchana unakatwa na joto na kelele. Hasira zinarudi, pombe inarudi. Kama hakuna njia nyingine, aombe zamu ya mchana, akubali hata mshahara pungufu kidogo. Tumewaona walioshikilia zamu ya mchana wakadumu kazini, na wa usiku wakiondoka mmoja mmoja.

Raia nao tuna la kujifunza. Swali la kwanza linaloulizwa vijiweni ni "Umeua wangapi?" Wanaliuliza watu wazima, siyo watoto tu. Hakuna jibu lake ambalo mtu anaweza kutoa na akabaki ameketi pale kama mwanzo. Ulizeni waliyokuwa wakila. Ulizeni mvua ilikuwaje, nani alikuwa mpishi, nani alikuwa mchekeshaji wa kombania. Tangu Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la 2013, vijana wetu wamepigana mashariki ya Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 pale Semuliki waliuawa 15 wakilinda amani. Walionusurika ni majirani zetu. Mmoja akianza kusimulia, acha chai ipoe. Usimkatize kwa "lakini wewe ni shujaa bwana." Sentensi hiyo tumeiona ikifunga mazungumzo yaliyochukua miaka minne kufunguka.

Wacholi wa kaskazini mwa Uganda walikuwa na njia yao. Aliyekaa mbali muda mrefu, hasa aliyetoka vitani, hakuingia nyumbani moja kwa moja. Mlangoni iliwekwa yai bichi juu ya kitawi cha mti wa opobo unaoteleza, pamoja na kijiti cha kufungulia ghala, naye akalikanyaga likapasuka, ukoo wote ukiangalia. Walilifanya tambiko hilo hata kwa maelfu ya vijana waliorudi kutoka msituni kwa waasi. Tunalipenda kwa sababu halimwiti mtu shujaa wala mwuaji. Linasema ulikuwa mbali, huenda umerudi na kitu kisicho cha hapa, na kijiti kile cha ghala kinasema chakula chetu ni chako tena. Sherehe zetu zina tarumbeta nyingi, hazina yai.

Na kuna mahali ambapo huruma isitumike vibaya. Mke akipigwa, majirani humwambia avumilie, mzee ametoka mbali, ni shujaa wetu. Hapana. Ugonjwa unaeleza mambo, hauruhusu kipigo. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Liendewe mara ya kwanza, si ya tano. Tiba ya mume iendelee, lakini mama na watoto walale mahali salama kwanza. Na ukiona mtu anagawa vitu vyake, anaaga bila safari, anasema nyumba itakuwa afadhali bila yeye, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, humpa ruhusa ya kulitaja. Usimwache peke yake. Ondoa sumu ya panya, dawa za mifugo, kamba na silaha, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ukiandamana naye mpaka ndani.

Mwaka mpya unapokaribia, mkumbusheni mapema kwamba saa sita usiku kutakuwa na fataki, ili mwili usishtukizwe. Wengine hupenda kulala kwa ndugu shambani siku hiyo, nao waachwe. Na tarehe 25 Julai, sherehe ikiisha, mzee akipanda basi kurudi kwake, mwachie kiti cha dirishani upande wa kushoto. Sikio lake la kulia litakuwa kwako, na njia ni ndefu.